Homi Jehangir Bhabha: Mwanasayansi Aliyekataa Kukaguliwa

Utangulizi

Haupiti muda mrefu kabla ya ulimwengu kuzuka tena na ubishi ule ule: nchi fulani inajenga vinu vya nyuklia, inadai kwamba inatafuta umeme, na mataifa makubwa yanadai kwamba inatafuta bomu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Korea Kaskazini kabla ya jaribio lake la kwanza mwaka wa 2006. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Iran, ambayo mzozo wake ulianza kupamba moto mwaka wa 2002 na kufikia hatua ya kushambuliwa kwa mabomu mwezi wa Juni 2025. Wengi wetu tumeuzoea ubishi huu hata tukadhani kwamba ni zao la siku zetu. La hasha. Hoja zake zote, za upande huu na za upande ule, zilikwisha kutolewa mjini New York mwaka wa 1956, na aliyezitoa kwa niaba ya nchi changa alikuwa mwanafizikia wa Kihindi aliyeitwa Homi Jehangir Bhabha.

Makala haya yanasimulia maisha ya mja huyu. Nia yetu si kumtukuza wala kumbeza, bali kumpima. Alidai haki ambayo hakuna mtu muungwana angeweza kuikana kwa urahisi: kwamba nchi maskini isikaguliwe na wale ambao wao wenyewe hawakaguliwi. Hata hivyo, kile alichokilinda dhidi ya macho ya wageni kilitumiwa baada ya kifo chake kwa kazi ambayo wageni hao walikuwa wakiihofia. Je, alikosea kudai alichokidai? Msomaji ataamua mwenyewe mwishoni.

Kuzaliwa na masomo

Bhabha alizaliwa mjini Bombay tarehe 30 Oktoba 1909 katika jamii ya Waparsi, wafuasi wa Zarathustra ambao mababu zao walihamia India kutoka Uajemi karne nyingi zilizopita. Baba yake, Jehangir, alikuwa mwanasheria aliyesomea Uingereza. Shangazi yake aliolewa na Dorabji Tata, wa ukoo wa Tata uliomiliki viwanda vikubwa vya chuma nchini humo. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika nyumba iliyojaa vitabu, santuri za muziki na picha za kuchora, na mezani kwa jamaa zake alisikia mazungumzo ya viwanda, mabwawa ya umeme na uhuru wa India.

Mwaka wa 1927 alipelekwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea uhandisi. Mpango wa wazee ulikuwa wazi: ahitimu, arudi, akashike kazi katika kiwanda cha chuma cha Jamshedpur. Lakini Cambridge ya miaka hiyo ilikuwa inawaka moto wa fizikia mpya, na kijana akashikwa. Alimwandikia baba yake akimweleza kwamba moyo wake haumo katika uhandisi, na kwamba fizikia ndiyo kazi aliyoumbiwa. Baba hakumkatalia wala hakumkubalia moja kwa moja. Alimwekea sharti: apate kwanza daraja la kwanza katika uhandisi, kisha atalipiwa karo ya kusomea hisabati. Mwana akatimiza sharti hilo mwaka wa 1930, naye baba akatimiza ahadi yake.

Katika maabara ya Cavendish Bhabha alijijengea jina mapema. Katikati ya miaka ya 1930 alikokotoa jinsi elektroni na positroni zinavyogongana na kutawanyika. Tukio hilo hadi leo linajulikana kwa jina lake miongoni mwa wanafizikia. Mwaka wa 1937, akishirikiana na Walter Heitler, alieleza jinsi miale inayotoka anga za mbali inavyogonga hewa ya dunia na kuzaa manyunyu ya chembechembe. Mnamo 1941 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, akiwa na umri wa miaka 31.

Vita vyamzuia nyumbani

Mwaka wa 1939 Bhabha alikuwa India kwa likizo wakati Vita Vikuu vya Pili vilipozuka Ulaya. Njia ya kurudi Cambridge ikafungika. Akapata nafasi katika Taasisi ya Sayansi ya India mjini Bangalore, ambako idara ya fizikia iliongozwa na C. V. Raman, mshindi wa tuzo ya Nobel. Kilichoonekana kuwa mkosi kikageuka kuwa njia yake. Kadiri miaka ya vita ilivyopita ndivyo alivyozidi kushawishika kwamba mahali pake ni nchini mwake, mradi apate chombo cha kufanyia kazi.

Chombo hicho akakiomba mwenyewe. Mwezi wa Machi 1944 aliandikia wakfu wa ukoo wa Tata akipendekeza kuanzishwa kwa taasisi ya utafiti wa fizikia ya kiwango cha juu. Miongoni mwa sababu alizozitoa, moja inastahili kukumbukwa: kwamba nishati ya nyuklia itakapoanza kutumiwa kuzalisha umeme baada ya miongo michache, India isilazimike kutafuta wataalamu ng'ambo, bali iwe nao nyumbani. Barua hiyo iliandikwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, wakati ambapo umma wa dunia haukuwa na habari ya atomu kutumiwa kwa lolote. Taasisi ya Tata ya Utafiti wa Kimsingi ilianzishwa mwaka wa 1945, naye akawa mkurugenzi wake.

Uhuru, sheria na usiri

India ilipata uhuru mwezi wa Agosti 1947. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru aliamini kwamba taifa lililotawaliwa kwa sababu ya kukosa mitambo halitabaki huru bila sayansi, na katika Bhabha alipata mtu wa kumtumainia. Urafiki wao ulikuwa wa karibu kiasi kwamba mwanasayansi huyu aliweza kufikisha maombi yake kwa Waziri Mkuu bila kupitia kwa wizara nyingine.

Mwaka wa 1948 ililetwa bungeni Sheria ya Nishati ya Atomiki. Iliipa serikali mamlaka juu ya urani, thori na utafiti wote wa jambo hilo, na ikaufunika utafiti huo kwa usiri mkubwa. Mbunge mmoja, Krishnamurthy Rao, alihoji ni kwa nini usiri wa India uzidi ule wa Uingereza, ambako uliwekwa kwa mambo ya ulinzi peke yake. Nehru, katika kujibu, alikiri kwamba hakujua jinsi ya kutenganisha matumizi ya amani na matumizi ya kijeshi. Ungamo hilo ndilo ufunguo wa kisa chote hiki. Kinu kinachochemsha maji ili kuzungusha mitambo ya umeme ndicho hicho kinachozalisha plutoni ndani ya fueli yake, na plutoni ikitenganishwa yaweza kurudishwa kinuni au kuundiwa bomu.

Mwezi wa Agosti mwaka huo Kamisheni ya Nishati ya Atomiki iliundwa, Bhabha akiwa mwenyekiti. Mnamo 1954 iliundwa idara kamili ya serikali chini ya Waziri Mkuu mwenyewe, Bhabha akiwa katibu wake. Hivyo mtu mmoja alikuwa msanifu wa mpango, mtekelezaji wake na mshauri wa yule aliyepaswa kumsimamia.

Ndoto ya thori

Ili kuelewa kwa nini Bhabha alipigania uhuru wa nchi yake kwa ukali, ni sharti tuelewe hesabu aliyoifanya. India ina urani kidogo, na yenyewe si ya ubora wa juu. Lakini mchanga wa pwani ya Kerala una thori kwa wingi unaohesabika miongoni mwa akiba kubwa zaidi duniani. Tatizo ni kwamba thori peke yake haiwashi kinu. Ni lazima kwanza igeuzwe ndani ya kinu iwe urani ya aina nyingine.

Bhabha akapanga hatua tatu. Katika hatua ya kwanza, vinu vya urani ya kawaida na maji mazito vingezalisha umeme na plutoni. Katika hatua ya pili, plutoni hiyo ingewekwa katika vinu vya kasi vinavyozalisha fueli zaidi ya vinavyotumia, huku vikigeuza thori. Katika hatua ya tatu, India ingeishi kwa thori yake mwenyewe, bila kumwomba mtu. Wahenga walitwambia kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mpango huu ulikuwa tafsiri ya methali hiyo kwa lugha ya fizikia.

Angalia hata hivyo mahali ambapo plutoni inasimama katika mpango huo. Ndiyo daraja kati ya hatua ya kwanza na ya pili. Atakayemnyima Bhabha plutoni amemvunjia daraja. Na atakayemwachia plutoni bila kumkagua amemwachia pia malighafi ya bomu.

Geneva na New York

Mwezi wa Desemba 1953 Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipendekeza mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba atomu itumikie amani na kwamba liundwe shirika la kimataifa la kusimamia jambo hilo. Mwezi wa Agosti 1955 kongamano kubwa la Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya amani ya atomu lilifanyika Geneva, na Bhabha akachaguliwa kuwa rais wake. Wanasayansi wa Magharibi na wa Muungano wa Kisovieti walikutana hadharani na kubadilishana maarifa yaliyokuwa siri. Katika hotuba ya ufunguzi alieleza kwamba maendeleo ya nchi zisizo na viwanda hayawezekani bila nishati mpya. Alibashiri pia kwamba katika miongo miwili binadamu angeweza kuidhibiti nishati ya muungano wa atomu, ile inayoliwasha jua. Ubashiri huo haukutimia. Miaka 70 imepita na bado umeme wa aina hiyo haujafika majumbani.

Mwaka uliofuata ndio ulioleta mzozo wenyewe. Kati ya Septemba na Oktoba 1956 wajumbe wa nchi 81 walikutana New York kuijadili katiba ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Rasimu ililipa shirika hilo haki ya kukagua ramani za vinu vilivyojengwa kwa msaada wake, kudai hesabu za fueli, kutuma wakaguzi, na kuamua hatima ya plutoni iliyozalishwa. Bhabha, kiongozi wa ujumbe wa India, alisimama kupinga.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Wakaguzi wangeenda tu kwa yule aliyeomba msaada. Mataifa yenye mabomu hayakuhitaji msaada, kwa hiyo hayangekaguliwa kamwe. Matokeo yake yangekuwa dunia ya matabaka mawili: wenye silaha walio huru, na wasio na silaha walio chini ya uangalizi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Aliongeza kwamba ukaguzi ukifuata kila chembe ya urani na kila kizazi cha plutoni, shirika lingekuwa na mkono katika uchumi wa nchi changa kupitia nishati yake, na watu wake walikuwa wametoka juzi tu chini ya mkono wa aina hiyo.

Waliompinga nao hawakuwa bila hoja. Walisema kwamba plutoni haina kumbukumbu ya ahadi. Serikali hubadilika, na neno la heshima la waziri mmoja halimfungi mrithi wake. Suluhu ilipatikana kwa mapatano yaliyopendekezwa na Ufaransa na Uswisi. Nchi ingeruhusiwa kubaki na plutoni inayohitaji kwa utafiti na kwa vinu vyake, chini ya ukaguzi, na ziada yake ndiyo shirika lingeweza kudai iwekwe amana. Katiba ilipitishwa tarehe 23 Oktoba 1956. India ikapata kiti katika bodi ya magavana, na Bhabha akarudi nyumbani na sehemu ya alichokitaka.

Vinu vya Trombay

Wakati maneno yakiendelea New York, saruji ilikuwa ikimwagwa Trombay, nje kidogo ya Bombay. Tarehe 4 Agosti 1956 kinu cha Apsara kiliwashwa kwa fueli iliyotoka Uingereza. Kilikuwa cha kwanza katika bara la Asia nje ya Muungano wa Kisovieti.

Kinu cha pili ndicho kilichokuja kutikisa dunia. Kanada ilikubali mwaka wa 1956 kuisaidia India kujenga kinu cha utafiti cha megawati 40, na Marekani ikatoa maji mazito. Kinu hicho, CIRUS, kilianza kazi mwezi wa Julai 1960. Mkataba wake ulitanguliwa na mazungumzo marefu, na mwishowe India ilitoa ahadi kwamba kingetumiwa kwa amani. Hapakuwa na mkaguzi wa kuja kuithibitisha ahadi hiyo. Miaka michache baadaye, wahandisi wa Kihindi walikamilisha karibu na hapo kiwanda cha kutenganisha plutoni, ambacho kilizinduliwa rasmi Januari 1965.

Haki inatudai tuseme kwamba Bhabha hakuwa mkaidi wa kila mara. Alipotaka vinu vikubwa vya umeme vya Tarapur kutoka Marekani, alikubali katika mkataba wa 1963 kwamba vikaguliwe, kwa kuwa fueli yake ingetoka huko huko. Alijua wapi pa kukaza kamba na wapi pa kuilegeza.

Hakuwa pia mtu wa hesabu tupu. Alichora, alipenda muziki wa Beethoven, na alinunulia taasisi yake picha za wachoraji chipukizi wa India. Inasimuliwa kwamba Trombay alihamishia miti mizima badala ya kuiacha ikatwe. Hakuoa.

Mwaka wa bomu la Uchina

Nehru aliaga dunia mwezi wa Mei 1964. Tarehe 16 Oktoba mwaka huo Uchina, ambayo ilikuwa imeishinda India katika vita vya mpakani mwaka wa 1962, ililipua bomu lake la kwanza la nyuklia. Siku nane baadaye Bhabha alizungumza redioni. Alitetea upokonyaji silaha duniani kote, lakini katika mazungumzo hayo hayo alieleza kwamba bomu si ghali: lile la kilotani 10 lingegharimu takriban dola 350,000.

Takwimu hiyo aliitoa kwa Wamarekani waliokuwa wakipigia debe milipuko ya kuchimbia mifereji na bandari. Haikuhesabu vinu, viwanda wala mitambo inayotangulia bomu. Wabunge waliotaka silaha waliidaka na kuitumia kumshinikiza Waziri Mkuu mpya, Lal Bahadur Shastri. Shastri alikataa bomu, lakini aliruhusu utafiti wa milipuko iliyoitwa ya amani. Mlango ukaachwa wazi kidogo.

Shastri alifariki ghafla mjini Tashkent tarehe 11 Januari 1966. Indira Gandhi aliapishwa kuwa Waziri Mkuu tarehe 24 Januari. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, ndege ya Air India aliyoabiri Bhabha akielekea mkutanoni Vienna, kwenye makao ya shirika lile lile aliloshiriki kuliunda, iligonga mlima Mont Blanc. Watu wote 117 waliokuwamo waliangamia. Uchunguzi wa Ufaransa ulibaini kwamba rubani alidhani ameshaupita mlima. Uvumi wa njama za kijasusi umeendelea hadi leo, ila hakuna ushahidi uliowahi kuuthibitisha. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Baada yake

Tarehe 18 Mei 1974 India ililipua kifaa cha nyuklia katika jangwa la Rajasthan, ikakiita cha amani. Plutoni yake ilitoka CIRUS. Maji yakimwagika hayazoleki: Kanada ilikatiza ushirikiano, mataifa yenye teknolojia yakaunda kundi la kudhibiti uuzaji wa vifaa vya nyuklia, na Marekani ikatunga sheria mwaka wa 1978 iliyoifanya Tarapur ikose fueli hadi Ufaransa ilipoingilia kati mwaka wa 1982. Mwaka wa 1998 India ilifanya majaribio mengine, safari hii bila kuyaita ya amani. Vikwazo vya biashara vililegezwa mwezi wa Septemba 2008, na India ikakubali vinu vyake vya kiraia vikaguliwe. CIRUS ilizimwa mwishoni mwa mwaka wa 2010.

Na umeme je? Nyuklia huipatia India takriban asilimia 3 tu ya umeme wake. Hatua ya tatu ya thori bado ni matumaini. Nchi iliyotaka kujitegemea ilitengwa kwa zaidi ya miongo mitatu, ingawa lazima ikubalike kwamba katika kutengwa huko ilijifunza kujenga vinu vyake yenyewe.

Hitimisho

Tukimpima Bhabha kwa mizani ya haki, hoja yake ya 1956 bado haijajibiwa. Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ulioanza kutumika 1970, uliyaruhusu mataifa matano kubaki na mabomu huku ukiyadai mengine yakaguliwe. India imekataa kuutia sahihi hadi leo. Tukimpima kwa mizani ya matokeo, waliomshuku hawakukosea pia. Ahadi aliyoiweka mahali pa ukaguzi haikudumu hata miaka kumi baada ya kifo chake.

Kwa maoni yetu, kasoro kubwa haikuwa kuwakataa wakaguzi wa kigeni. Ilikuwa kwamba sheria ya 1948 iliwafungia mlango wenyeji pia. Bunge halikujua gharama, wananchi hawakujua kinachotengenezwa, na mlipuko wa 1974 uliamuliwa na watu wachache mno. Anayedai kutoangaliwa na jirani hana budi kukubali kuangaliwa na watu wa nyumbani mwake.

Funzo hili si geni kwetu. Kenya ni mwanachama wa shirika lile la Vienna tangu 1965, na serikali imekuwa ikitafakari kujenga kinu cha umeme; wakazi wa Uyombo katika Kaunti ya Kilifi waliupinga mpango huo hadharani mwaka wa 2024. Wao walikuwa wakiuliza swali ambalo mbunge Rao aliuliza mwaka wa 1948, na ambalo halikupewa jibu la kutosha: kwani wenye nchi wanafichwa nini? Bhabha alikuwa na akili ya kulijibu swali hilo na heshima ya kuaminiwa akilijibu. Ni hasara kwamba hakuna sheria iliyomlazimu.